Neno «Kazi» katika Hesabu za Fizikia

Husemwa mara nyingi kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba fizikia kwa sababu maneno yake ni ya sokoni na shambani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kosa haliko katika maneno, bali katika kutumia neno kabla ya kulipa fasili yake.

Na tuchukue mfano kutoka Bahi, magharibi ya Dodoma, kando ya Reli ya Kati, ambako hulimwa mpunga. Tuseme mchukuzi ameinua gunia la kilo 80 kutoka chini hadi begani, kimo cha mita 1.5, kisha akatembea nalo mita 20 juu ya ardhi tambarare. Swali: amefanya kazi kiasi gani dhidi ya uzito wa gunia?

Hapa yatupasa kusimama kwanza. Sokoni twasema gunia lina «uzito» wa kilo 80. Katika fizikia, kilo ni kipimo cha tungamo, yaani wingi wa mata iliyomo. Uzito ni kani ambayo dunia hulivutia gunia, nao hupimwa kwa newtoni: 80 mara 9.8, yaani 784. Gunia hilo likipelekwa mwezini, tungamo yake haibadiliki, ila uzito hupungua hadi kiasi cha moja ya sita.

Kazi, kwa fasili ya fizikia, ni kani mara umbali uliopitwa kwa kufuata mwelekeo wa kani hiyo. Basi katika kuinua, mchukuzi amefanya kazi ya 784 mara 1.5, yaani jouli 1,176. Na katika zile mita 20? Gunia halikupanda wala halikushuka. Kazi dhidi ya uzito wake ni sifuri.

Mchukuzi akisikia jibu hili ataudhika, naye ana haki. Jasho lake si uongo: misuli hutumia nishati ya chakula hata pale mzigo usipopanda, na sehemu kubwa ya nishati hiyo hugeuka joto. Yeye na mwanafizikia hawapingani. Wametaja mambo mawili kwa neno moja. Wala hili si upungufu wa Kiswahili peke yake. Maneno ya Kiingereza yanayotumika kwa kazi na uzito nayo ni ya watu wa kawaida, yakabanwa na wataalamu baadaye.

Mtu aweza kudhani kwamba haya ni ya hesabu za darasani tu. Sivyo. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba, Lushoto, alitia katika jokofu maziwa ya aiskrimu yangali moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Walimu hawakumsadiki. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Osborne naye aliona shaka, lakini hakuishia hapo: alirudi Dar es Salaam, jaribio likafanywa, na mwaka 1969 wakachapisha habari hiyo pamoja.

Hata hivyo, mjadala haukwisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima muda wa maji kupoa hadi nyuzi 0, wasione ushahidi wa kutosha. Lakini je, «kuganda kwanza» ni kufikia nyuzi 0, ni kuonekana kwa chembe ya kwanza ya barafu, au ni maji yote kuwa barafu? Kila fasili yadai jaribio lake, na majibu yaweza kutofautiana.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Bahi, aliyesoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi na kukutana na Kiingereza sekondari, asiambiwe kwamba lugha yake imemponza. Afundishwe kuandika kilichotolewa, kutaja kinachotafutwa, kufasili kila neno, ndipo achague kanuni, apige hesabu, na kuhakiki vipimo. Nasi tulio wanalugha tusidhani kwamba tumemaliza wajibu wetu kwa kuorodhesha istilahi. Istilahi isiyo na fasili ni gunia tupu: halina cha kupimwa.