Nondo mwenye sura ya mavu



Huko Ulaya kuna nondo mmoja ambaye watu wakimwona wanakimbia. Mwili wake una mistari ya njano na nyeusi, kichwa ni cha njano, na mabawa yanaangaza kama kioo. Utasema ni mavu. Lakini hana mwiba wala sumu. Wenye elimu wanamwita Sesia apiformis, maana yake mwenye umbo la nyuki.

Maisha yake ni haya. Mama anaangusha mayai mengi chini ya shina la mti wa mpopla, ule ambao Biblia yetu inauita mlubna (Mwanzo 30:37). Kiwavi akitoka katika yai anatoboa gome na kuingia ndani. Humo gizani, karibu na mizizi, anakula mti kwa miaka 2 au 3. Kisha anajitengenezea kifuko kwa vipande vya mbao, na humo anageuka. Mwezi wa 6 au wa 7, asubuhi mapema, anatoka kwa tundu dogo, na ganda lake tupu linabaki pale limechomoza. Mabawa mapya yana magamba laini kama vumbi. Akiruka mara ya kwanza yanapukutika, ndipo yanakuwa kama kioo. Akiwa mkubwa hali kitu. Anatafuta mwenzake, wanazaa, naye anakufa upesi.

Kwa nini sura ile? Ndege aliyechomwa na mavu anaogopa kila mdudu mwenye mistari ya njano. Woga huo ndio ngao ya nondo. Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekaa miaka 11 katika misitu ya Amazon, alieleza jambo la namna hii mwaka 1862 kwa kuchunguza vipepeo.

Ukisogea karibu utamtambua: mavu ana kiuno chembamba sana, nondo hana.

Ndege akikosea, anapoteza mlo mmoja tu. Sisi tukikosea, tunaharibu maisha ya mtu. Ni watoto wangapi katika mitaa yetu walioitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, au kwa kukojoa kitandani? Walipigwa, wakafukuzwa, na hakuna aliyesogea kuwatazama.

Ndugu na dada, kabla hujainua fimbo, tazama kiuno kwanza. Soma 1 Samweli 16:7.