Hii ni ndege gani? Usidanganywe na maneno ya chini ya picha

Leo tuongelee burudani isiyokula hela: kutambua ndege ndogo za ajabu kwa kuangalia picha tu. Boeing kila mtu anaijua bwana. Utamu uko kwenye vile vindege vya watu wawili watatu ambavyo ukiviona unajiuliza aliyevibuni aliwaza nini.

Kwanza kabisa, usianze na rangi wala maneno yaliyo chini ya picha. Rangi hubadilishwa, na maneno anaandika yeyote. Anza na umbo:

1. Mabawa: yako juu ya kabini au chini?
2. Injini: ni ngapi? Pangaboi liko mbele linavuta, au nyuma linasukuma?
3. Mkia: wa kawaida, au haupo kabisa?
4. Magurudumu: yanakunjwa au yanabaki nje?

Tujaribu. Picha ya mbele inaonyesha bawa juu na pangaboi moja puani. Wengi watasema Cessna ya kawaida. Ikija picha ya ubavuni, kumbe kuna pangaboi lingine nyuma ya kabini, katikati ya mikono miwili mirefu inayoshika mkia! Hiyo ni Cessna 337 Skymaster ya Marekani. Sababu ipo. Ndege yenye injini kila bawa, moja ikizima, ile nzima huivuta upande. Skymaster injini zote ziko mstari wa katikati, kwa hiyo shida hiyo haina. Umeona? Picha moja haitoshi.

Nyingine ni Long-EZ ya Burt Rutan, iliyoruka mara ya kwanza 1979. Kibawa kidogo mbele, bawa kubwa nyuma, injini inasukuma, mkia wa kawaida hakuna. Ikiegeshwa, gurudumu la mbele hukunjwa na pua inalala chini, maana bila rubani, uzito wa injini unaweza kuibinua kinyumenyume. Sasa asiyejua akiiona hiyo picha ataandika "AJALI" na kuisambaza, wakati ndege imepumzika tu. Fikiria mke wa rubani akiipata kwenye simu yake.

Ukishajua umbo, hakikisha kwa herufi za usajili: 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda, G Uingereza, N Marekani. Hizi za N unaweza kuzitafuta bure kwenye tovuti ya FAA ukaona ni ndege ya aina gani.

Ila angalizo: kutazama picha ni kitu kimoja, kwenda kupiga ni kingine. Novemba 2001 wapenzi wa ndege 14, Waingereza 12 na Waholanzi 2, walikamatwa Kalamata, Ugiriki, wakashtakiwa kwa mambo ya ujasusi. Wenyewe walisema ni hobi tu. Aprili 2002 wakakutwa na hatia, hadi rufaa ilipowasafisha Novemba mwaka huohuo. Kwa hiyo kabla hujatoa kamera karibu na uwanja, omba ruhusa kwanza.

Haya, zoezi: bawa juu, magurudumu hayakunjwi, injini 3, mbili kwenye mabawa na moja kwenye mkia. Imetengenezwa Uingereza. Ni ndege gani hiyo?

Kazi kwenu wadau.