Pool mpakani: Ukifungiwa njia, pitia ukingoni

KATIKA miji ya mpakani, kusubiri ni sehemu ya biashara. Lori liko kwenye foleni, wakala wa forodha anafuatilia nyaraka, au mteja wa upande wa pili hajatuma fedha. Vituo vya huduma kwa pamoja, kama cha Busia kilichozinduliwa Februari 2018 na cha Namanga kilichozinduliwa Desemba mwaka huohuo, vimepunguza hatua za kupita, lakini havijamaliza kusubiri. Na pale watu wanaposubiri, mara nyingi hapakosi meza ya pool.

Kwenye meza hiyo hukutana dereva, wakala, mchuuzi wa vitunguu na muuza mitumba, kila mmoja na lafudhi yake. Wengi wanajua kuzamisha mpira ulio wazi. Shida huanza pale mpinzani anapouficha mpira mweupe nyuma ya mipira yake, ukawa huna njia ya moja kwa moja ya kuugusa mpira wako. Hapo wachezaji wengi hufumba macho, hupiga kwa nguvu zote na kuomba Mungu. Matokeo huwa faulo, na faulo ina bei.

Njia ya kutoka ipo, na wala haihitaji kipaji. Ni kuupeleka mpira mweupe ugonge ukingo wa meza kwanza, kisha urudi kuugusa mpira unaotakiwa. Usichanganywe na ule mpigo wa benki, ambao mpira wa rangi ndio unaogonga ukingo kabla ya kwenda shimoni. Huku ni mpira mweupe wenyewe unaozunguka. Anayeujua mpigo huu hafungiki kirahisi, na anayecheza naye huacha kutegemea kuficha mipira.

Faulo inagharimu nini

Kabla ya kujifunza kupiga, ni vizuri kujua unaepuka hasara gani. Katika kanuni za mipira minane za chama cha dunia cha WPA, ukikosa kuugusa mpira wako kwanza, mpinzani anauchukua mpira mweupe mkononi na kuuweka popote anapotaka mezani. Kwa mchezaji mzuri, hiyo ni sawa na kukabidhiwa ufunguo wa duka. Katika mchezo wa blackball, mpinzani hupata mpigo wa bure kabla ya zamu yake kuendelea. Zipo baa ambazo bado zinatumia desturi ya zamani ya mipigo miwili.

Tofauti hizi ndizo huzaa ugomvi mipakani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Umoja wa Forodha tangu 2005 na Soko la Pamoja tangu 2010, lakini meza ya pool haina sheria moja. Kanuni hubadilika baa hadi baa, achilia mbali nchi hadi nchi. Kuuliza si ujinga: kabla ya sarafu ya kwanza kuingia, mgeni aulize faulo inalipwaje, na kama ni lazima mpira wowote uguse ukingo baada ya kugusana. Jibu la swali hilo la pili ndilo litakalomwambia apige polepole au aongeze nguvu.

Hesabu ya kioo

Msingi wa mpigo huu ni ule wa mwanga kwenye kioo. Mpira unaogonga ukingo kwa mwendo wa wastani, bila kuzungushwa pembeni, hutoka kwa pembe inayokaribiana na ile ulioingilia. Kwa hiyo kazi ya mchezaji ni moja tu: kutafuta mahali pa kugonga.

Mfano rahisi ni pale mpira mweupe na mpira unaotakiwa viko umbali sawa kutoka ukingoni. Mahali pa kugonga ni katikati kabisa ya nafasi iliyo kati yao. Ikiwa umbali haulingani, uwiano unahama. Tuseme mpira mweupe uko sentimeta 40 kutoka ukingoni, mpira unaotakiwa uko sentimeta 20, na kati yao, ukipima sambamba na ukingo, kuna sentimeta 90. Kwa kuwa umbali wa kwanza ni mara mbili ya wa pili, zile 90 zinagawanywa mbili kwa moja: sentimeta 60 upande wa mpira mweupe na 30 upande wa mpira unaotakiwa. Mfanyabiashara aliyezoea kugawa nauli ya lori kwa uzito wa mizigo ya watu watatu hatashindwa na hesabu hiyo.

Asiyetaka kupima kwa namba anaweza kutumia macho. Avute mstari wa kufikirika kutoka mpira mweupe hadi ukingoni, pale palipo mkabala na mpira unaotakiwa. Avute mwingine kutoka mpira unaotakiwa hadi ukingoni, mkabala na mpira mweupe. Mistari hiyo itakatana. Kutoka pale ilipokatana, aende moja kwa moja hadi ukingoni. Hapo ndipo pa kugonga. Fimbo inaweza kusaidia kuona mstari, mradi asiiachie mkononi na isiguse mpira wowote.

Kuna kosa moja ambalo huwaangusha wanaoanza. Mpira hauendi hadi kwenye mbao. Unagusa raba, na wakati huo kitovu chake bado kiko nusu mpira ndani ya meza. Anayelenga zile nukta zilizochorwa kwenye mbao kana kwamba mpira utafika huko, hukosa hata kama hesabu yake ilikuwa sahihi. Vipimo vyote vianzie kwenye mstari ule ambapo kitovu cha mpira hugeukia, si kwenye mbao.

Kingo mbili

Wakati mwingine ukingo mmoja hautoshi kwa sababu njia ya kurudi nayo imezibwa. Hapo hutumika kingo mbili zinazokutana kwenye kona. Mpira uliogonga kingo mbili za namna hiyo hurudi kwa mstari ulio sambamba na ule ulioondokea. Hiyo inarahisisha kazi. Mchezaji atafute katikati ya mpira mweupe na mpira unaotakiwa, avute mstari kutoka hapo hadi kwenye kona, kisha auhamishe mstari huo, bila kuupinda, hadi upite kwenye mpira mweupe. Huo ndio mwelekeo wa kupiga.

Kwenye karatasi hesabu hii haina dosari. Mezani itahitaji marekebisho, kwa sababu kila ukingo huongeza kosa dogo la kwake.

Nguvu, mzunguko na meza yenyewe

Mpira unaopigwa kwa nguvu nyingi huibonyeza raba na kutoka kwa pembe fupi zaidi, yaani hurudi karibu zaidi na ulikotoka. Mpira unaobiringika taratibu hufungua pembe. Ndiyo maana mpigo wa hasira hukosa hata pale mlengo ulipokuwa mzuri. Mzunguko wa pembeni nao una kazi yake: ukiuzungusha mpira kuelekea upande unaokwenda, pembe hupanuka, ukiuzungusha kinyume, hupungua. Anayeanza aachane na mizunguko kwanza. Apige katikati ya mpira, kwa mwendo uleule kila mara, mpaka ajue meza inamjibu nini.

Na meza hazifanani. Kitambaa kipya huuacha mpira uteleze; kilichochakaa au chenye unyevu huukamata. Raba iliyozeeka haina nguvu ya kurudisha. Kwenye baadhi ya meza za sarafu mpira mweupe hauna ukubwa sawa na mingine, kwa sababu ndivyo mashine inavyoutambua na kuurudisha ukizama. Mwenyeji anajua kona ipi inavuta na ukingo upi umekufa. Mgeni hajui, na tofauti hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya uwezo wao.

Habari njema ni kwamba shabaha yenyewe ni pana kuliko inavyoonekana. Mpira wa kawaida wa pool ya Marekani una kipenyo cha milimita 57. Kwa kuwa inatosha kuugusa hata kwa pembeni, kitovu cha mpira mweupe kina nafasi ya kupita ya karibu milimita 114, mara mbili ya mpira wenyewe. Na mpira uliokaa karibu na ukingo, ukiacha nafasi ndogo nyuma yake, huwa shabaha kubwa zaidi: mpira mweupe ukikosa kuugonga ukiwa unakwenda, unaweza kuugonga ukiwa unarudi.

Mfilipino aliyejiita Cesar Morales

Jina linalotajwa zaidi duniani katika mpigo huu ni la Efren Reyes wa Ufilipino, aliyezaliwa mwaka 1954. Alikulia katika ukumbi wa pool wa mjomba wake jijini Manila, akilala humohumo. Huko alicheza pia aina za biliadi ambazo ushindi hutokana na kugonga kingo, si kuzamisha mipira. Huo ndio ulikuwa msingi wake. Alipoingia kwenye pool, kingo hazikuwa kikwazo kwake, zilikuwa barabara.

Mwaka 1995, katika mashindano ya Sands Regency mjini Reno, Marekani, alikutana na Earl Strickland katika mchezo wa mipira tisa. Matokeo yalikuwa 12 kwa 12, na gemu moja ndiyo ingeamua mshindi. Reyes alifungiwa njia. Akaupiga mpira mweupe ukagonga kingo mbili kwa umbo la herufi Z, ukarudi na kuuzamisha mpira uliotakiwa, kisha akamaliza meza. Mpigo huo bado unaoneshwa hadi leo. Mwaka 1999 alitwaa ubingwa wa dunia wa mipira tisa mjini Cardiff, na mwaka 2004 akatwaa wa mipira minane.

Lakini kwa wasomaji wa mipakani, kisa chake cha mwaka 1985 kina somo kubwa zaidi. Alipofika Marekani mwaka huo, sifa za Efren Reyes zilikuwa zimeshavuka bahari. Akacheza mjini Houston kwa jina la Cesar Morales. Wenyeji waliona mgeni mpole wasiyemjua, na mgeni huyo akawashinda. Kila mwenye kuweka fedha juu ya meza na mtu asiyemfahamu akumbuke jina hilo la Morales.

Mazoezi kwa sarafu moja

Kujifunza si lazima kule fedha nyingi. Kwenye meza za sarafu, mpira wa rangi ukizama unabaki ndani hadi sarafu nyingine iingie, lakini mpira mweupe hurudi. Mazoezi ya kupitia ukingoni hayahitaji kuzamisha kitu. Anayetaka kujifunza aende saa ambazo meza haina watu, aombe ridhaa ya mwenye meza, aweke mpira mmoja mbali na mashimo na mwingine wa kumzibia njia. Sarafu moja inaweza kumpa muda mrefu wa kazi.

Apige mara kumi kutoka sehemu ileile, kwa mwendo uleule. Kila akikosa, aandike amekosa upande gani: mpira ulirudi mfupi au ulipita mrefu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mazoezi nayo ni hivyohivyo. Anayekosa mara saba, zote upande mmoja, hana bahati mbaya. Ana kipimo kinachohitaji kusogezwa kidogo. Anayekosa pande zote, tatizo lake ni mkono, si hesabu. Bila kuandika, hawezi kutofautisha mawili hayo.

Akishapata sita au saba kati ya kumi, abadilishe umbali, kisha aongeze ukingo wa pili. Mwisho ajifunze kuchagua: kati ya njia mbili zinazowezekana, ipi itamwacha mpinzani katika hali ngumu hata kama mpigo utakosa? Swali hilo ndilo linalotenganisha anayejinasua na anayejinasua kwa faida.

Mtaji si dau

Meza ya pool ina sura nyingine ambayo haifai kufichwa. Viongozi katika mikoa na wilaya za Tanzania wamewahi kupiga marufuku pool saa za kazi, na michezo ya kubahatisha isiyo na leseni ina sheria zake katika nchi za ukanda huu. Sheria za upande mmoja si lazima ziwe za upande wa pili. Mfanyabiashara anayekamatwa ng'ambo kwa ajili ya dau hapotezi dau tu. Anapoteza siku, mzigo na pengine mteja.

Kwa mchuuzi mdogo, hesabu hiyo ni nzito. Utaratibu rahisi wa biashara ndani ya Jumuiya umelenga mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, na wengi hubeba chini ya hapo. Ndani ya fedha hiyo mna mkopo wa kikundi, karo ya mtoto na nauli ya kurudi. Faulo tatu kwenye meza ya mwenyeji zinaweza kula faida ya magunia mawili, na anayejaribu kuirudisha kwa kuongeza dau huanza kula magunia yenyewe.

Anayetaka kucheza acheze kwa gharama ya meza tu, aliyoitenga kama anavyotenga ya chai. Mpigo wa kupitia ukingoni hufundisha kutulia, kupima na kukubali njia ndefu pale fupi inapozibwa. Mwenye tabia hiyo anajua pia lini aweke fimbo chini. Wakala akipiga simu kusema nyaraka zimetoka, gemu hata ikiwa imebaki mpira mweusi peke yake, nyanya zilizo juani haziwezi kusubiri.