Nchi Kavu Ndiyo Iliyoiumiza Gipsy Moth IV

Chombo cha mbao kikishapata jina, watu huona ni heshima kukipandisha nchi kavu kiwe kumbukumbu. Kwa Gipsy Moth IV, heshima hiyo nusura iwe kifo. Mashua hii ya matanga, yenye milingoti miwili na urefu wa mita 16 hivi, ilijengwa na kampuni ya Camper & Nicholsons huko Gosport, Uingereza, kwa ajili ya Francis Chichester. Tarehe 27 Agosti 1966 aling'oa nanga Plymouth akiwa peke yake, akafika Sydney baada ya siku 107, kisha akapitia Rasi ya Horn na kurejea Plymouth tarehe 28 Mei 1967, akiwa na miaka 65. Aliizunguka dunia akitua bandari moja tu. Malkia Elizabeth wa Pili akamtunuku hadharani pale Greenwich, na mwaka uliofuata mashua ikawekwa papo hapo, juu ya zege, jirani na meli kongwe ya Cutty Sark.

Kilichostahimili siku 226 za bahari, dhoruba za kusini zikiwemo, kikaanza kuoza kwa mvua ya London. Mwili wa mashua hii ni tabaka nyembamba za mahogani zilizogandishwa kwa gundi. Maji ya mvua yakishapenya katikati ya tabaka hizo hayatoki upesi, na kuvu wanaoozesha mbao hustawi katika unyevu wa namna hiyo, ilhali chumvi ya bahari huwadhoofisha. Mafundi wa majahazi wa Lamu wanaijua sura nyingine ya maradhi haya: jahazi likikaa pwani mno, mbao hukauka na kuachana, na kalafati ikalegea. Gipsy Moth IV ilifikia hali ya kufungiwa wageni wasiikanyage tena. Jarida la Yachting Monthly likapiga kampeni ya kuiokoa, na mwaka 2004 chuo cha ubaharia cha UKSA, kilichoko Cowes, kikaipata kwa pauni moja na glasi ya kileo. Waliopewa kazi ya kuikarabati ni Camper & Nicholsons wenyewe, kulekule Gosport, na Juni 2005 ikarudi majini.

Wapo wanaosema kwamba mashua iliyobadilishwa mbao na kufungwa mitambo mipya si ile ya Chichester tena. Hoja hii ingekuwa na uzito kama kungekuwa na mashua moja ya asili ya kulinganisha nayo. Hapakuwa nayo. Kabla hata ya safari, mkuku uliongezewa risasi kwa sababu mashua ililala ubavu upesi mno, na huko Sydney mkuku huohuo ukarekebishwa tena. Chichester mwenyewe hakuipenda. Aliilalamikia usukani na kuyumba kwake hadi mwisho. Iliyorudi Plymouth mwaka 1967 tayari ilikuwa imetofautiana na iliyoondoka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: chombo cha thamani kikisafiri, kinaweza kupotea. Ni kweli, na karibu ipotee. Aprili 2006, ikiwa katika safari mpya ya kuizunguka dunia na vijana ndani yake, ilipanda mwamba wa matumbawe huko Rangiroa, katika Polinesia ya Ufaransa, kwa kosa la uongozaji, na ubavu ukatoboka. Lakini tundu la mwamba huonekana siku hiyohiyo, na fundi huitwa. Mashua ilinasuliwa, ikapelekwa Auckland kutengenezwa, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imekwisha rudi safarini. Uozo wa Greenwich ulifanya kazi yake kimya kwa zaidi ya miaka 35, mbele ya macho ya waliokuja kuitazama. Tarehe 28 Mei 2007, miaka 40 kamili tangu Chichester arudi, Gipsy Moth IV iliingia Plymouth kwa mara ya pili ikitoka kuizunguka dunia. UKSA ilipoiuza mwaka 2010, ilinunuliwa ili iendelee kusafiri.