Mhanga, manusura, mshiriki

Mwaka jana niliombwa kutafsiri katika warsha moja ya wanawake hapa Bukavu. Mwezeshaji alisema kwa Kifaransa «survivantes», nami nikatamka «manusura», neno nililojifunza darasani. Mama mmoja akainua mkono: «Lakini nani alininusuru? Hakuna mutu. Nilitembea miye mwenyewe siku mbili.» Sikuwa na jibu, maana kisarufi mama yule alikuwa na haki. Kunusuru ni kuokoa, na manusura ni aliyeokolewa. Kifaransa kinasema tu kwamba mtu ameendelea kuishi, hakimtaji mwokozi.

Neno tulilozoea redioni ni «mhanga». Hilo nalo lina historia. Mhanga ni kafara. Ndiyo maana tunasema mtu amejitoa mhanga. Na «victime» ya Kifaransa imetoka kwa «victima» ya Kilatini, mnyama wa kuchinjwa kwa ajili ya miungu. Lugha mbili zisizo na undugu, picha ileile! Katika picha hiyo mnyama haulizwi maoni yake.

Siasa ya kimataifa imepita njia hiyohiyo ya maneno. Azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la tarehe 31 Oktoba 2000, linataka wanawake walindwe vitani, lakini linataka pia washiriki katika mazungumzo ya amani na katika maamuzi. Hapo mwanamke ni mshiriki. Azimio 1820 la Juni 2008 likatamka kwamba ubakaji unaweza kutumiwa kama mbinu ya vita. Mwaka 2019 azimio 2467 likaleta mtazamo wa kumweka manusura katikati.

Kwa maoni yangu, Bukavu inajulikana duniani kwa azimio la pili kuliko la kwanza. Ukitaja mji wetu ng'ambo, watu wanataja Hospitali ya Panzi na Daktari Mukwege, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad. Ni heshima kubwa. Lakini Oktoba 2010 Matembezi ya Wanawake Duniani yalifungiwa hapahapa, na pamoja na kupinga ukatili, wanawake hao walidai amani, kuondolewa kwa majeshi katika maisha ya raia, na uhuru wa kiuchumi. Hayo ni madai ya washiriki.

Basi tufute «mhanga»? Nilidhani hivyo, hadi niliposoma sheria ya nchi yetu ya tarehe 26 Desemba 2022 kuhusu fidia. Inamtambua «victime», na mfuko wa taifa wa fidia una neno hilo ndani ya jina lake. Mama akiambiwa siku zote kwamba yeye ni manusura, kisha tangazo likaita wahanga, anaweza kufikiri wanaitwa watu wengine.

Siku ya pili ya warsha nilijaribu «mama aliyevuka». Wengine walitikisa kichwa, wengine walicheka. Tangu hapo, nikitafsiri habari za fidia nasema mhanga, na ninaeleza palepale kwamba ni neno la sheria. Katika habari za mazungumzo ya amani nasema mshiriki. Kwa yaliyobaki, ninamwuliza kwanza mwenyewe anataka kuitwa nani.