MWANAMIELEKA WA KUJITEGEMEA: NANI HULIPIA MAJERAHA YAKE?

Kijana wa Buyenzi au Kamenge atazamapo mieleka ya kulipwa katika televisheni huona misuli, shangwe na fedha. Asichokiona ni hesabu ya mwanamieleka asiye na mwajiri.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Kongo, mchezo huu huitwa kechi. Mjini Kinshasa wanamieleka hupita mitaani kwa muziki kabla ya pambano, na baadhi yao huingia ulingoni na hirizi. Nchini Uganda, Daniel Bumba, ajulikanaye kama Bumbash, alianzisha mwaka 2023 kikundi cha Soft Ground Wrestling huko Mukono. Kwa kukosa ulingo wa kawaida, vijana wake walipigana katika tope lililozungushiwa mianzi na kamba.

MAPATO YAKE

Mwanamieleka wa kujitegemea hupatana na mwandaaji kwa kila pambano. Asipopanda ulingoni, halipwi. Nauli, mavazi na dawa mara nyingi hutoka mfukoni mwake. Kwa sababu hiyo wengi hupigana wakiwa bado wagonjwa.

HATARI ZAKE

Ni kweli kwamba mshindi hupangwa mapema, lakini kuanguka hakuna maigizo. Ulingo ni mbao zilizofunikwa kwa godoro jembamba na turubai. Mchezaji hufundishwa kukaza kidevu kifuani ili kisogo kisigonge, na kutua kwa mgongo wa juu pamoja na mikono ili kishindo kitawanyike. Akikosea kidogo, shingo hubeba uzito wote. Mitsuharu Misawa, bingwa wa Japani mwenye umri wa miaka 46, alifariki Hiroshima tarehe 13 Juni 2009 baada ya kutupwa chali, ingawa alikwisha kutupwa hivyo mara nyingi katika maisha yake ya mchezo.

Aliyegongwa kichwa akatapika, akachanganyikiwa au akaumwa kichwa mfululizo, apelekwe kwa daktari upesi, wala asirudi ulingoni kabla ya kuruhusiwa.

USHAURI KWA WAZAZI

Mtumishi wa Serikali ya Burundi auguapo husaidiwa na Mutuelle de la Fonction Publique, iliyoundwa mwaka 1980. Mwanamieleka wa kujitegemea hana mfuko wa namna hiyo. Akivunjika mguu, jamaa zake ndio huchanga.

Basi mzazi asimkemee tu kijana apendaye mchezo huu. Amwulize: nani anakufundisha kuanguka? Nani atalipa hospitali? Na siku mwili ukikataa, una ufundi gani wa kukulisha? Mwenye majibu matatu ajaribu bahati yake. Asiye nayo aanze kwa kujifunza kazi.