Ada ya Uanachama na Dawa ya Presha

Sehemu kubwa ya fedha za Shirika la Afya Duniani ni michango ya hiari, ambayo mtoaji huichagulia kazi. Ndiyo maana polio imepata fungu nono miaka mingi, huku kisukari na presha, magonjwa yanayojaza kliniki zetu, yakiambulia kidogo. Mei 2022 wanachama waliafikiana kupandisha ada hadi zifikie nusu ya bajeti ya msingi ya 2022–2023, kabla ya 2031 kwisha. Nchi za Afrika ziliunga mkono, ingawa nazo (tusisahau) zingelipa zaidi. Sioni ajabu: matumizi ya ada hupangwa na wanachama wote, tajiri na maskini kwa kura moja moja. Lakini mwenye malimbikizo ya ada aweza kunyimwa kura. Mgonjwa wa presha ana haki ya kuuliza: yetu imelipwa?